Mzee Mgonjwa na Kazi Yake

Kazi ndiyo impayo mtu riziki yake, lakini aghalabu kazi hiyo hiyo humla mwenyewe polepole. Jambo hili alilitambua Bernardino Ramazzini, tabibu wa Kiitalia, ambaye mwaka 1700 alitoa kitabu juu ya maradhi ya wafanyao kazi. Aliwahimiza matabibu wenziwe wamwulize kila mgonjwa anafanya kazi gani. Swali hilo ni jema, lakini liko la pili lililo gumu zaidi: ikiwa kazi imekwisha kumdhuru mtu, na umri wake umekwenda, atendewe nini? Habari za wachimba makaa ya mawe wa kusini mwa Wales, katika Uingereza, zatufundisha mengi.

Huko watu walishuka migodini wangali vijana, wakavuta vumbi la makaa miaka ishirini au thelathini. Vumbi hilo hutua mapafuni likakaa, na mwishowe mtu hawezi kupanda kilima asisimame kutweta. Desturi ya zamani ilikuwa kwamba mchimbaji aliyeishiwa na nguvu hupandishwa juu ya ardhi, akachambue mawe katika makaa pamoja na wavulana walioanza kazi. Ujira wake ulipungua, na vumbi lilikuwako huko pia. Lakini alibaki mtu wa kazi miongoni mwa wenzake.

Mwaka 1943 serikali ilikubali kwamba vumbi la makaa lenyewe laleta ugonjwa, na wagonjwa wakastahili fidia. Hata hivyo amri hiyo ilikata kuwili. Aliyethibitishwa kuwa mgonjwa alilazimika kuacha kazi ya migodi, hata kama ugonjwa wake ulikuwa mdogo. Maelfu walitolewa kazini, katika mabonde ambako kazi nyingine zilikuwa haba mno. Sheria iliwaokoa na vumbi, ikawatia katika ufukara. Mtu aliyeogopa njaa alikuwa na sababu ya kuficha kikohozi chake.

Dawa mbili zilijaribiwa. Ya kwanza ilikuwa sheria ya mwaka 1944, iliyoletwa wakati Ernest Bevin alipokuwa Waziri wa Kazi. Waajiri wenye watu 20 au zaidi walitakiwa kuajiri walemavu, na kiasi kilichowekwa kilikuwa 3 katika kila 100. Kazi za kuendesha lifti za abiria na kuangalia magari yaliyoegeshwa ziliwekwa akiba kwa ajili yao. Kisha mwaka 1946 kiwanda cha kwanza cha Remploy kilifunguliwa Bridgend, karibu na migodi hiyo hiyo, kuwapa kazi watu wa namna hii.

Dawa ya pili ilikuja baada ya mwaka 1948. Wenye ugonjwa mdogo waliruhusiwa kubaki migodini, mahali ambapo vumbi lilipimwa na kuonekana kuwa kidogo. Hapo mtu hakutolewa kazini; kazi ndiyo iliyorekebishwa ili imfae mtu.

Fikira hii ya pili ndiyo iliyoendelea. Waajiri wengi hawakutimiza hesabu ile ya 3 katika 100, na sheria ya mwaka 1995 iliiondoa, ikaweka badala yake wajibu wa kurekebisha mahali pa kazi kwa kadiri iwezekanavyo. Hapa Kenya, sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2003 nayo iliwataka waajiri wafanye marekebisho ya namna hiyo.

Wahenga walisema, "Utu uzima dawa." Mzee mwenye kisukari, au maumivu ya viungo, angali na ujuzi ambao kijana hana. Mara nyingi ahitajicho ni kidogo: kiti, nafasi ya kumeza dawa, au saa za kazi zilizopunguzwa. Kumfukuza kwa jina la huruma ni kumwadhibu kwa sababu ya ugonjwa, ambao pengine aliupata katika kazi hiyo hiyo.