Kificho cha Heshima: Utamaduni na Ulinzi wa Wanamichezo Chipukizi

Wapo wanaodai kwamba kanuni za kuwalinda wanamichezo watoto ni mambo ya kizungu yasiyopatana na mila zetu. Dai hilo halina msingi. Mnyanyasaji hana kabila wala bara. Popote alipo hujificha nyuma ya kile ambacho jamii yake inakiheshimu.

Marekani, Larry Nassar alijificha nyuma ya udaktari. Wasichana wa jimnastiki waliaminishwa kwamba wanatibiwa, na baadhi yao aliwadhuru huku wazazi wakiwa chumbani humo humo. Wanawake zaidi ya 150 walitoa kauli mahakamani kabla hajahukumiwa, Januari 2018, kifungo cha miaka 40 hadi 175. Japani kificho kilikuwa nidhamu: mwishoni mwa 2012 nahodha wa mpira wa kikapu katika shule moja ya Osaka alijiua baada ya kupigwa mara kwa mara na kocha wake. Uingereza nako, sheria inayomzuia mwenye dhamana kufanya ngono na kijana wa miaka 16 au 17 aliye chini yake haikuwagusa makocha hadi 2022.

Kwetu kificho ni ufadhili. Msichana anayefika Iten, Kenya, kutafuta kambi ya riadha huwa hana nauli, viatu wala chakula. Anayempa hayo huweza kuwa kocha, meneja, mlezi na hatimaye mume, huku fedha za zawadi zikipitia mikononi mwake. Binti akithubutu kulalamika, nyumbani huambiwa asitukane wakunga na uzazi ungalipo. Agnes Tirop, bingwa wa dunia wa mbio za nyika mwaka 2015 akiwa na miaka 19, aliuawa Iten Oktoba 2021, na mumewe akashtakiwa kwa mauaji hayo. Ilibidi wanariadha wenzake waunde shirika la Tirop's Angels ili wanaoteswa wapate pa kukimbilia.

Mila zina nafasi yake, nayo ni katika kupokea malalamiko. Namba ya simu ya ofisi ya mbali haimsaidii mtoto ambaye siri zake humwambia shangazi au bibi. Basi shangazi na bibi wafundishwe kusikiliza na kujua pa kupeleka habari. Lakini wasiwe mahakama. Kesi ya ubakaji inayomalizwa kwa mbuzi na maneno ya wazee humrudisha mtoto kambini kwa mtu yule yule. Wala tusidanganyane kuwa kukataa suluhu ya namna hiyo ni uzungu: Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, uliopitishwa na Waafrika wenyewe mwaka 1990, unazitaka serikali zikomeshe mila zinazomdhuru mtoto.

Mashirikisho ya riadha ya Kenya, Uganda na Tanzania yasimpe leseni kocha ambaye peke yake anashika mafunzo, malazi na fedha za watoto anaowafundisha.