Ken Walibora na vita vya moyoni: kutoka Edinburgh hadi Cherangani

Kila Aprili wapenzi wa Kiswahili humkumbuka mwandishi Ken Walibora, aliyefariki tarehe 10 Aprili 2020 baada ya kugongwa na matatu kwenye Barabara ya Landhies, Nairobi. Alizaliwa Bungoma mwaka 1965, akakulia Cherangani, upande wa Kitale, na huko ndiko alikozikwa wakati masharti ya korona yakiwazuia wasomaji wake kumsindikiza.

Wengi humtaja kwa Siku Njema (1996), ambamo kijana wa Tanga anasafiri hadi Kitale kumtafuta baba yake. Lakini ni Kidagaa Kimemwozea (2012) kinachomweka katika safu ya waandishi wakubwa waliochungulia giza lililomo ndani ya binadamu.

Safu hiyo ina mizizi Ulaya pia, kwenye riwaya za kigothi, yaani hadithi za kutisha. Mary Shelley alitoa Frankenstein mwaka 1818. Mwaka 1886 Robert Louis Stevenson akaandika habari za Daktari Jekyll, msomi anayekunywa dawa na kugeuka Hyde, muuaji. Edinburgh alikozaliwa Stevenson, watu walikuwa bado wakimsimulia William Brodie, fundi seremala na diwani aliyeheshimiwa mchana, akavunja nyumba za watu usiku, hadi aliponyongwa mwaka 1788.

Walibora hakuhitaji dawa wala usiku wa ukungu. Alihitaji mwalimu mmoja tu, Majisifu. Huyu ni mlevi anayesifiwa kwa riwaya aliyoiba kwa kijana maskini, Amani. Sifa zinamfikisha chuo kikuu kimoja, ng'ambo ya mpaka, atoe mhadhara. Huko anaumbuka, maana kitabu anachopaswa kukieleza hakikutoka kichwani mwake. Hakuna zimwi lililomfukuza. Aibu yake mwenyewe ilimtosha. Anarudi nyumbani, anakiri wizi wake na kuomba radhi.

Nduguye, Mtemi Nasaba Bora, hana ujasiri huo. Ameghushi hati, amepora ardhi ya watu, na bado anataka kuitwa mheshimiwa. Anaishia kujiua. Amani naye, aliyekuwa na kila sababu ya kulipiza kisasi, anajizuia. Mtu na nduguye wamekula kwenye dhuluma, lakini mmoja ameutema uovu na mwingine umemmeza. Msomaji wa Trans Nzoia alikokulia Walibora, kaunti ya mashamba yaliyoachwa na walowezi na kesi za ardhi zisizokwisha, haulizi Mtemi ni nani. Anamjua.

Walibora mwenyewe aliujua ulimwengu wa usomi: aliwahi kutangaza habari, akapata uzamifu Chuo Kikuu cha Ohio State, akafundisha Marekani, kisha akarejea kufundisha Nairobi.

Kinachouma ni kwamba shuleni Kidagaa Kimemwozea ilifanywa mzigo wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Wanafunzi wengi walikariri miongozo yenye orodha za maudhui na wahusika, na mtihani ulipoisha wakakifunga kitabu. Nje ya darasa, Makumbusho ya Kitale yangekuwa mahali pazuri pa kuwaonyesha vijana kazi za mwana wa eneo hilo. Na darasani, kabla ya mwanafunzi kuulizwa sifa tano za Majisifu, aulizwe kwanza: wewe ungeufanyia nini mswada usio wako, ikiwa hakuna anayekuona?