Dini ya Mtawala na Moyo wa Raia: Somo la Zanzibar kwa Mabiharusi



Kila Mfunguo Mosi unapoingia na posa zikaanza kubisha hodi, kuna swali halikosekani majumbani kwetu: "Huyo kijana ni Sunni au Ibadhi?" Tulilisikia tena hivi karibuni, tumekaa ukumbini kwenye mkeka, kahawa na halua mbele yetu. Shangazi mmoja alishakunja uso. Bibi yetu, ambaye kwa kawaida hasemi sana, akatia neno: "Wazee wetu wametawaliwa na Maibadhi miaka na miaka, na wamefungishwa ndoa na makadhi wao Mashafi. Ulizeni kingine."

Maneno yale yametukaa. Tukaona tuifungue historia ya kisiwa chetu na tujiulize pamoja: dini au madhehebu ya mtawala yanamfanya apendwe au achukiwe na watu wake?

Mtawala wa madhehebu mengine

Sayyid Said bin Sultan alipohamishia makao yake Unguja katika miaka ya 1830, alikuta watu ambao wengi wao walikuwa Waislamu wa Kisunni, wafuasi wa Imam Shafi. Yeye alikuwa Ibadhi. Qibla ni kimoja na Qurani ni moja, lakini tofauti zilionekana kwa macho. Shafi akisali hufunga mikono kifuani, Ibadhi huiacha ikining'inia ubavuni. Shafi husoma kunuti alfajiri, Ibadhi hasomi. Hata misikiti ya Kiibadhi ya zamani ilijulikana kwa usahili wake, mingi haina mnara.

Kwa mwanamke tofauti hizo hazikuishia msikitini, zilimfuata mpaka kwenye ndoa yake. Tuchukue mfano mmoja. Kwa Maibadhi, mwanamume na mwanamke waliozini hawawezi kuoana wao kwa wao baadaye. Kwa Mashafi, wakitubu ndoa yao inasihi. Hebu fikiria hukumu ya kadhi mmoja ingewalazimisha watu wote! Kuna mwanamke angeambiwa na watu wake kuwa ni mke halali, na na serikali kuwa si mke.

Sayyid Said hakufanya hivyo. Aliweka makadhi wa pande mbili. Kwa Maibadhi alikuwepo Sheikh Muhammad bin Ali al-Mundhiri, na kwa Masunni Sheikh Muhyiddin al-Qahtani, mwanachuoni aliyezaliwa Barawa. Kila mtu alihukumiwa kwa madhehebu yake. Sayyid mwenyewe alibaki Ibadhi mpaka alipofariki mwaka 1856, na hatusikii kwamba watu wa Unguja walimkataa kwa ajili hiyo. Alikuwa na lawama nyingine, na kubwa yao ni utajiri wa karafuu uliosimama juu ya migongo ya watumwa. Lakini mlango wa ibada na ndoa za watu hakuuvunja.

Barghash na kipimo cha ucha Mungu

Mwanawe, Sayyid Barghash, alipita njia ngumu zaidi. Mwaka 1859 alijaribu kumpindua kaka yake Sayyid Majid. Waliomuunga mkono walikuwa Waharthi pamoja na Maibadhi wenye msimamo mkali, waliotaka kiongozi achaguliwe kwa ucha Mungu wake kama walivyochaguliwa maimamu wa Oman. Humo mna habari ya wanawake pia. Dada zake, Bibi Khole na Bibi Salme, walikuwa upande wake. Salme, aliyejifunza kuandika kwa siri, ndiye aliyemwandikia barua zake. Nyumba ya Barghash ilipozingirwa, walimtoa akiwa amejifunika nguo za kike katikati ya wanawake. Jaribio lile lilishindwa na Barghash akapelekwa Bombay.

Alipopata kiti mwaka 1870, wale wenye msimamo mkali walidhani zamani zao zimefika. Haukupita muda mrefu akajitenga nao. Hata hivyo, kuhusu madhehebu alikuwa mkali kuliko baba yake. Sheikh Ali bin Khamis al-Barwani, mtu wa ukoo mkubwa wa Kiibadhi, alipohamia Usunni, Barghash alimtia gerezani. Dada yake Salme naye alikuwa ameondoka Unguja mwaka 1866, akabatizwa na kuolewa na Mjerumani. Aliporudi mwaka 1885 kuomba haki zake, kaka yule aliyetolewa hatarini kwa msaada wake hakukubali kumpokea.

Basi Barghash tunamkumbuka kwa lipi? Ukiuliza wazee wa Mji Mkongwe, hutasikia kwamba alimfunga mtu kwa kuhama madhehebu. Utasikia kuhusu maji. Alivuta maji safi kutoka chemchemi nje ya mji mpaka ndani ya mji, na wanawake waliokuwa wakihangaika na visima vya maji ya chumvi wakapata afueni. Aliyachota Sunni, akayachota Ibadhi, akayachota Mhindi. Utasikia pia kuhusu Beit al-Ajaib aliyoijenga mwaka 1883. Watu walimpenda kwa kile alichowafanyia wote. Pale alipoitumia dola kumlazimisha mtu katika itikadi yake, aliacha doa, na wanavyuoni wa Kishafi hawakulisahau.

Ibadhi kwenye Maulidi

Sayyid Khalifa bin Harub alitawala tangu 1911 hadi alipofariki mwaka 1960, karibu miaka 49. Naye alikuwa Ibadhi. Bibi zetu wanamkumbuka akihudhuria Maulidi ya Mfunguo Sita pale Mnazi Mmoja, akikaa na watu huku Barzanji ikisomwa. Desturi ile ilikuwa ya Masunni zaidi kuliko ya watu wake. Hakuhitaji kubadili madhehebu ili akae nao, wala wao hawakumtaka abadili. Walitosheka kwamba amekuja, ameketi, na amewaheshimu.

Hapa tuseme kweli, dada. Heshima ile haikutosha kuuokoa utawala wenyewe. Katika uchaguzi wa Julai 1963, chama cha ASP kilipata zaidi ya nusu ya kura lakini kikapata viti 13 tu kati ya 31. Ardhi, rangi, kumbukumbu za utumwa na hisia kwamba kura hazikusikilizwa, hayo ndiyo yaliyochemka mpaka Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Waliopinduliwa na wengi wa waliopindua walikuwa Waislamu. Kumbe mtawala anaweza kukaa vizuri na watu kwenye Maulidi, na bado akadaiwa haki nje ya Maulidi.

Mtawala wa madhehebu yetu

Sasa tugeuze upande wa pili. Baada ya Mapinduzi, kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya miaka mia, kiongozi wa nchi alikuwa Sunni kama raia wengi. Serikali ya Mzee Abeid Amani Karume ilitangaza elimu bila ya malipo mwaka huohuo wa 1964, na mabinti wengi waliingia skuli kwa sababu hiyo. Hilo tunalishukuru.

Lakini mwaka 1970 wasichana wanne wenye asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu kwa wakubwa wa Baraza la Mapinduzi. Jamaa zao waliokataa walikamatwa. Bibi harusi hakuridhia na walii hakuridhia. Dunia ilipiga kelele, na humu visiwani watu walinong'ona kwa hofu, kila mwenye binti akimtazama binti yake. Hakuna aliyefarijika kwa kuwa waliofanya hivyo ni Waislamu wenzetu. Uchungu ulizidi hasa kwa sababu ndoa, jambo ambalo dini imeliwekea ridhaa, walii, mashahidi na mahari, iligeuzwa amri ya serikali.

Tunachokichukua

Ukizipanga habari hizi pamoja, jibu la bibi yetu linaeleweka. Raia wa visiwa hivi hawakumpima mtawala kwa namna anavyoweka mikono katika sala. Walimpima kwa anachomfanyia mtu asiyesali kama yeye, na mtu asiyeweza kumzuia. Ibadhi aliyempa Shafi kadhi wake alikubalika. Ibadhi yuleyule wa maji matamu, alipomfunga mtu kwa ajili ya madhehebu, alilaumiwa. Na wenye madaraka wa madhehebu yetu wenyewe walipomnyima binti ridhaa yake, watu waliumia.

Ndiyo maana Mahkama ya Kadhi inatuhusu sisi wanawake kuliko tunavyodhani. Bado ipo Zanzibar kwa mujibu wa sheria, na mambo ya ndoa, talaka, matunzo na mirathi ya Waislamu yanapelekwa huko. Kadhi ni hakimu wa nyumba yako kabla hujapata nyumba.

Na wewe biharusi mtarajiwa, nyumba nayo ni utawala mdogo. Kumuuliza mchumba madhehebu yake si kosa. Zungumzeni mapema, tena mbele ya wazee: nani atafungisha ndoa, watoto watasomeshwa chuo gani, mkigombana mtakwenda kwa kadhi gani. Lakini usiishie hapo. Uliza pia anavyokaa na dada zake. Uliza anavyosema na mtumishi wa nyumbani kwao. Tazama anafanya nini siku ukimwambia "hapana" katika jambo dogo.

Shangazi yetu aliuliza hayo, na majibu yalimridhisha. Kijana ni Ibadhi, binti yetu ni Shafi, na ndoa ilifungwa baada ya sala ya Alasiri. Kwanza binti aliulizwa, faragha, akiwa na somo wake, kama ameridhia. Tulikuwepo tuliposikia jibu lake.

Allah awajaalie wenye kututawala, majumbani na nchini, wawe wapole kwa wasiofanana nao. Amin.