Sukari Iliposhuka Charlotte

Ndugu zangu wenye kisukari mnaosafiri kwa gari huku Marekani, kisa hiki kinatuhusu. Novemba 12, 1984, mjini Charlotte, sukari ilimshuka Dethorne Graham. Aliingia dukani kutafuta maji ya machungwa, akakuta foleni, akatoka mbio. Polisi akashuku, akasimamisha gari alilopanda. Graham akashuka, akalizunguka mara mbili, akazimia. Wakamtia pingu wakidhani kalewa, akavunjika mguu. Hakuwa ameiba kitu.

Mwaka 1989 Mahakama ya Juu iliamua nguvu ya polisi ipimwe kwa macho ya askari mwenye busara aliyekuwepo, ikitazamwa pia kama mtu alikaidi kukamatwa. Ndivyo vyuo vya polisi vinavyofundisha. Sisi wahandisi, daraja likianguka, hulichunguza kwa yote yaliyojulikana baadaye. Hapa yaliyojulikana baadaye hayahesabiwi.