A si moja: Treni za New York na somo la lugha

Mwaka wa 2008 nilialikwa jijini New York kuwasilisha makala kuhusu Kiswahili. Mwanafunzi wangu wa zamani anayeishi huko alinielekeza kwa simu: “Mwalimu, ukifika Columbus Circle panda treni nambari 1, ushuke Mtaa wa 116.”

Nilipofika kituoni nikaona treni iliyoandikwa A. Nikajiambia, A ni mwanzo wa alfabeti na 1 ni mwanzo wa hesabu. Si ni mamoja? Nikapanda. Treni ikapita kituo baada ya kituo bila kusimama, ikanitema Mtaa wa 125, Harlem. Nilifika ukumbini nikitweta, zamu yangu kashapewa mtu mwingine.

Kumbe A na 1 si ndugu hata kidogo. Treni za chini ya ardhi za jiji hilo zilianza kuhudumu Oktoba 27, 1904, zikiendeshwa na kampuni ya kibinafsi ya IRT. Baadaye ikaja kampuni nyingine, BMT. Kisha mnamo Septemba 1932 serikali ya jiji ikafungua mtandao wake yenyewe, IND, na kuzipa treni zake herufi. Herufi moja, mathalani A, iliashiria treni ya kasi inayoruka vituo. Herufi mbili, AA, iliashiria ile inayosimama kila kituo. Utaratibu huo wa kurudufisha herufi uliachwa mwaka wa 1985.

Mwaka wa 1940 jiji lilizinunua kampuni zote mbili. Lakini kununua si kuunganisha. Mabehewa ya IRT yana upana wa takribani mita 2.7, ilhali ya mitandao ile mingine yana takribani mita 3. Behewa pana haliwezi kupenya katika njia nyembamba. Kwa hivyo, njia za IRT zilipewa nambari mwishoni mwa miaka ya arobaini, nazo za BMT, zilizoweza kuunganishwa na za IND, zikapewa herufi katika miaka ya sitini. Herufi I na O ziliachwa zisije zikadhaniwa kuwa 1 na 0.

Kampuni hizo zilikufa zamani. Hata hivyo, hadi leo abiria anayesema “napanda nambari 1” anataja mipaka yake bila kujua.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi nadharia za Ferdinand de Saussure. Katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka wa 1916, baada ya kifo chake, mwanaisimu huyo alitumia mfano wa treni iyo hiyo! Alisema kuwa treni ya saa mbili na dakika arobaini na tano usiku, kutoka Geneva kwenda Paris, huwa ni ileile kila siku hata kama injini, mabehewa na wahudumu wamebadilishwa. Kinachoitambulisha ni saa yake, njia yake na jinsi inavyotofautiana na treni nyingine. Ndivyo lilivyo neno: thamani yake hutokana na mfumo ambamo limo. Mimi niliing’oa A katika mfumo wake nikaipachika katika mfumo wangu.

Hebu tazama saa hiyo ya Saussure. Yeye aliihesabu kuwa nane. Sisi Waswahili tunaiita saa mbili usiku. Treni ni moja, wakati ni mmoja, nambari ni mbili, na kila moja ni sahihi kwao. Lakini wanafunzi wetu huona 8 kwenye simu wakaandika “saa nane usiku,” wakati ambapo walinzi pekee ndio wako macho! Nimewahi kuwakemea kwa wino mwekundu. Siku hizi, kabla ya kukemea, humkumbuka profesa mmoja aliyesimama Harlem na makala yake mkononi.

Mwalimu mwenzangu, usimwambie mwanafunzi kwamba amekosea tu. Muulize alikuwa akihesabu kwa mfumo upi, kisha umwonyeshe mfumo wetu unaanzia wapi: saa moja asubuhi ni saa ya kwanza baada ya mapambazuko. Akielewa hilo, hatapanda treni isiyo yake.