Riwaya ya upelelezi ya mji wa pwani na wasomaji wake wa Mathare

Riwaya ya upelelezi ya mji mdogo wa pwani ni hadithi ya fumbo ambamo mauaji hutokea mahali watu wanapojuana, damu haimwagwi mbele ya macho ya msomaji, na mfumbuzi ni mdadisi asiye na sare wala bastola. Uingereza ilikuwa na Agatha Christie, aliyezaliwa Torquay, mji wa bahari, mwaka 1890. Kiswahili kilimpata Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, ambaye alifanya kazi ya ukaguzi wa afya kabla ya kuingia kwenye uhariri wa magazeti. Kitabu chake Mzimu wa Watu wa Kale kilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau, lenye makao Nairobi, kikachapishwa mwaka 1960. Baadaye vikaja Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984). Kadhaa kati ya hivyo vilitolewa na wachapishaji wa Nairobi, kwa hiyo Bwana Msa, mpelelezi wa Unguja anayefumbua mafumbo ya riwaya hizi, ana haki ya ukaazi katika jiji hili. Hoja ya makala haya ni kwamba mkazi wa Mathare, mtaa wa mabanda wa Nairobi, anayezifurahia riwaya hizi haukimbii mtaa wake. Anazifurahia kwa sababu mtaa umemfundisha kuzisoma, na kwa sababu ndani yake kifo cha mtu huulizwa mpaka mwisho.

Tuanze na namna fumbo linavyofanya kazi. Bwana Msa, kiko mkononi na rafiki yake Najum pembeni, hana maabara. Silaha yake ni mazungumzo: nani alipita wapi, nani ana deni kwa nani, mtoto huyu anafanana na nani. Katika riwaya za baadaye mafumbo yenyewe huwa ya nasaba na urithi, siri ambazo haziwezi kufichuka ila pale watu wanapofuatiliana. Bonde la Mathare, kati ya barabara ya Juja na ya Thika, si mji mdogo kwa idadi ya watu, lakini maisha yake yamegawanyika katika ploti ambazo ni ndogo kuliko kijiji chochote. Ukuta wa mabati hauzuii sauti. Choo ni cha wengi. Kwenye foleni ya mitungi ya maji inajulikana ni nani amelipa kodi, nani amerudi kijijini, nani amenunua simu mpya bila kazi. Msomaji aliyekulia hapo, iwe Mlango Kubwa, Kosovo au Mabatini, amezoea kupima kauli ya jirani dhidi ya kile alichokiona kwa macho yake, na ndiyo kazi anayopewa na Abdulla.

Kuna raha nyingine ambayo haina budi kutajwa, ingawa si ya Mathare peke yake: hakuna mtihani juu ya vitabu hivi. Kwa mwanafunzi wa Kenya riwaya ya Kiswahili huja na mwongozo, orodha ya maudhui, na tamathali za usemi za kukariri. Riwaya ya upelelezi iliyookotwa kwa wauza vitabu wanaotandaza bidhaa zao chini mjini haikuombi lolote ila uendelee kufungua kurasa. Wahakiki huiita fasihi pendwa, mara nyingi kwa kuishusha hadhi. Dharau hiyo haina msingi. Kitabu kinachomfanya kijana wa mkono kwa kinywa akae na Kiswahili sanifu kurasa mia moja na zaidi kwa hiari yake kimefanya jambo zito.

Pingamizi kubwa zaidi ni la kimaadili. Inawezekanaje mauaji yawe burudani mahali ambapo vijana huuawa kweli? Mwaka 2017 kituo cha haki za kijamii cha Mathare, Mathare Social Justice Centre, kilitoa ripoti juu ya mauaji ya kiholela ya polisi, iliyoandaliwa pamoja na wakazi wenyewe, na shabaha yake ilikuwa kupinga hali ya watu kuyazoea mauaji hayo. Mbele ya ripoti kama hiyo, kiko cha Bwana Msa chaweza kuonekana anasa. Lakini itazamwe riwaya ya kwanza kwa makini. Bwana Ali anakutwa ameuawa kwenye mzimu, na wengi wana jibu tayari: mizimu imefanya. Jibu hilo lina faida moja kwa muuaji, nayo ni kufunga maswali. Bwana Msa analikataa. Kwake aliyeua ni binadamu mwenye sababu, na sababu hutafutwa. Katika Kisima cha Giningi, ambacho jina lake linabeba hofu ya makazi ya wachawi katika masimulizi ya Unguja, anafanya vivyo hivyo. Mathare pia ina jibu la haraka la kufunga maswali, ila halimtaji pepo: husemwa tu kwamba marehemu alikuwa mwizi. Neno hilo likishatamkwa, majirani hunyamaza na mama hubaki na jeneza. Waliokusanya majina na mazingira ya vifo kwa ajili ya ripoti ile walikataa jibu la haraka, kama Bwana Msa alivyolikataa lile la mzimu. Kwa hiyo raha ya riwaya hii haiyafanyi mauaji kuwa mepesi. Inamzoeza msomaji kutoridhika na maelezo yaliyokuja kabla ya uchunguzi.

Hata hivyo, hoja hii ina mpaka. Bwana Msa ana nafasi na heshima ya kubisha mlango wowote, na Unguja anayoizunguka ni ile ya kabla ya Mapinduzi ya 1964, hata katika vitabu vilivyotoka miaka mingi baadaye, yenye mabwana wa mashamba na watumishi wasiopewa nafasi kubwa ya kusema. Tena msako wake ukifika mwisho, siri huwekwa wazi. Anayeuliza maswali yaleyale Mathare anaweza kutishwa, na mara nyingi anayeshukiwa ndiye mwenye bunduki ya serikali. Msomaji wa bondeni anaijua tofauti hiyo kuliko mhakiki, na hahitaji kukingwa nayo.

Linabaki suala la lugha. Inadaiwa kwamba Kiunguja cha Abdulla, chenye methali na mizaha ya barazani, ni kigeni kwa kizazi cha Sheng, lugha ya mitaani ya Nairobi. Ni kweli kwamba kurasa za mwanzo huwa ngumu. Lakini Sheng, iliyokuzwa na mitaa hii ya Eastlands, imewafanya wasemaji wake kuwa mahiri wa kukisia maana kutokana na muktadha, maana maneno yake hubadilika kutoka mtaa hadi mtaa, na anayeyamudu mabadiliko hayo hashindwi na msamiati wa Makunduchi.