Moto Bila Dohani

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na ikifika Julai mji huu hauna huruma. Ndipo zile picha huanza kuzunguka kwenye simu: sebule maridadi, kochi la kijivu, mwali wa moto ukicheza nyuma ya kioo. Halafu maswali yanafuata. Je, mtu anayepanga fleti ghorofa ya nne, ukuta mtupu, anaweza kupata kitu kama hicho? Anaweza. Lakini mimi huanza na swali jingine. Kwa nini ukuta wangu ni mtupu, ilhali ile nyumba kuukuu ya barabara ya pili, inayongoja kubomolewa ipishe fleti zaidi, ina dohani ya mawe, bomba la moshi lililosimama wima juu ya paa? Nani aliamua?

Si kwamba babu zetu hawakuota moto. Figa moja haliinjiki chungu, kwa hivyo mafiga yalikuwa matatu, na katika nyumba nyingi za bara yalikaa katikati. Watu waliyazunguka, hadithi zikasimuliwa, mahindi yakachomwa. Dohani haikuhitajika kwa sababu paa lenyewe lilipumua: moshi ulipanda polepole ukapenya kwenye nyasi, ukazikausha na kufukuza wadudu. Macho yaliwasha, ndio, lakini hewa ilipita. Na Kiswahili hakijasahau uzito wa mahali hapo. Mpaka leo kijana akioa tunasema amepata jiko.

Dohani ilikuwa jambo la nchi za baridi kali, na huko pia ilikuwa na siasa zake. Mwaka 1662 serikali ya Uingereza ilianza kutoza shilingi 2 kwa mwaka kwa kila meko ndani ya nyumba. Maafisa waliingia majumbani kuhesabu, watu wakawachukia, na mwaka 1689 kodi hiyo ikafutwa. Meko mengi yalimaanisha mali nyingi. Ajabu ni kwamba hayakuwa na joto la maana, kwani sehemu kubwa ya joto ilikwenda juu pamoja na moshi. Ndiyo maana katika miaka ya 1740 Benjamin Franklin alibuni meko ya chuma kule Marekani, na mwaka 1796 Count Rumford akachapisha maelezo ya kuyapunguza meko kina na kulifanya jembamba koo la dohani. Kwa hivyo kutafuta mbadala wa meko ya ukutani si jambo la jana.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na walowezi wakaja na dohani yao. Nenda Karen uione nyumba iliyojengwa mwaka 1912, ambamo Karen Blixen aliishi kuanzia 1917 hadi 1931 na ambayo sasa ni jumba la makumbusho. Wakati huohuo, serikali ya kikoloni iliyatoza vibanda kodi kuanzia mwaka 1901. Waingereza waliochoka kuhesabiwa meko kwao walikuja kuhesabu nyumba zetu.

Mji nao ukagawanywa kwa rangi ya ngozi. Muthaiga ilikuwa na bustani na dohani. Mwafrika alipelekwa Pumwani, na baadaye kwenye mitaa kama Kaloleni. Alichukuliwa kuwa kibarua wa kupita tu, atakayerudi kwao kazi ikiisha, kwa hivyo alipewa mahali pa kulala. Ni nani angemjengea mtu wa kupita dohani? Uhuru ukaja, mji ukafurika, lakini wazo la chumba cha kulala tu halikuondoka. Liliendelea kujengwa kwa mabati na kwa saruji.

Baridi haikungoja. Jiko la makaa, kazi ya mafundi wa jua kali wanaogonga mabati chakavu pale Shauri Moyo, ndilo lililojaza pengo. Mwaka 1981 Nairobi iliandaa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mpya na jadidifu, na katika miaka hiyo likazaliwa lile jiko lenye kiuno na bitana ya udongo wa kuchomwa, lililochota wazo kutoka kwa jiko la ndoo la Thailand. Lilipunguza makaa, likaokoa pesa. Jiko letu hili lina sifa zake duniani, na linastahili.

Lakini lilibuniwa kupika, si kulala nalo. Hapo ndipo historia inapoua. Kila msimu wa baridi tunasikia habari ya watu waliofunga mlango, wakaingiza jiko, wakalala, wasiamke. Matundu ya hewa juu ya dirisha yamezibwa kwa matambara ili baridi isiingie. Makaa yakishakuwa mekundu hayatoi moshi, na mtu hudhani yamekuwa salama. Kumbe hapo yanaendelea kutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Paa la nyasi lingeitoa. Bati na zege havipumui.

Wenye dohani pia walikuja kulipa. Desemba 1952, London ilifunikwa kwa siku 5 na ukungu mzito wa moshi wa makaa ya mawe, wa majumbani na wa viwandani, na maelfu ya watu wakafa. Sheria ya hewa safi ilipitishwa mwaka 1956. Polepole familia zikaacha kuwasha makaa, zikaweka hita za gesi au za stima ndani ya meko yaleyale. Kwa hivyo ukinunua moto usio na kuni, usijione maskini wa kuigiza. Hata wao walihama.

Sasa turudi kwenye ukuta wako. Kuna hita ya stima yenye mwali wa taa: haichomi chochote, haihitaji dohani, lakini ya wati 2,000 hula uniti 2 kila saa, kwa hivyo tokeni zitayeyuka. Ichomeke moja kwa moja ukutani, si kwenye waya wa kuunganishia uliobeba friji na televisheni. Kuna meko ya bioethano, spiriti inayoweza kutengenezwa kwa molasi ya miwa yetu. Mwali wake ni wa kweli na ni mrembo, ila unakula hewa ya chumba kama moto wowote: acha dirisha wazi kidogo, na kamwe usiongeze mafuta kikiwa bado kinawaka au kina moto. Hita ya gesi nayo inataka hewa vilevile. Na usidharau pazia zito, zulia na blanketi la mitumba.

Mimi nilichagua hita ndogo ya stima yenye mwanga wa machungwa. Sikuitundika ukutani. Niliiweka katikati ya sebule, mbali na zulia na mapazia, nikapanga viti kuizunguka. Meko ya ukutani hukalisha watu mstari mmoja, wote wakitazama upande mmoja kama wako sinema. Mafiga yaliwafanya watazamane, na hilo halihitaji dohani.

Ila mtindo ni wa sisi tulio na stima ya kuchezea. Jirani wa chumba kimoja, mwenye watoto wawili na jiko moja, hana orodha ya kuchagua. Anachohitaji ni mwenye nyumba anayejenga matundu ya hewa yanayofanya kazi, na mtu wa kumwambia bila kumkejeli: mama, likishaiva toa jiko nje kabla hamjalala. Msimu huu, kabla ya kutumiana picha za sebule, tutume huo ujumbe kwanza.